Seneta wa upinzani Ireland: kusoma michango yake bila kupotea

Wasomaji kadhaa wanaofuatilia siasa za Dublin wametuma maswali kuhusu Seneti ya Ireland, yaani Seanad, hasa namna ya kupima kazi ya seneta asiye upande wa serikali. Tunayajibu moja baada ya jingine. Majina yao ya Kigaeli yasikutishe: Seanad hutamkwa karibu na «shanad», na Taoiseach, waziri mkuu, ni «tishokh».

Seneta wa upinzani anaweza kushinda lolote, au anapiga kelele tu?

Kwa kura, ni mara chache sana. Seneti ina viti 60. Kati ya hivyo, 43 hujazwa kupitia majopo matano (utamaduni na elimu, kilimo, kazi, viwanda na biashara, utawala), na wapigakura wake ni madiwani, wabunge wapya wa Dáil (baraza la chini la bunge) na maseneta wanaomaliza muda. Sita huchaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu. Kumi na mmoja waliobaki huteuliwa na waziri mkuu mwenyewe, na hapo ndipo serikali hujihakikishia wingi. Hata serikali ikishindwa kwenye kura, Seneti huchelewesha tu. Muswada wa kawaida unaweza kuzuiwa siku 90, kisha Dáil inaweza kuazimia kwamba uhesabiwe umepita. Muswada wa fedha hukaa siku 21 tu, na maseneta hutoa mapendekezo, hawarekebishi. Mwaka 1959 Seneti iliukataa muswada wa kubadili mfumo wa uchaguzi. Dáil iliupitisha hivyohivyo, na wananchi ndio waliouangusha kwenye kura ya maoni.

Kwa hiyo usimpime kwa kura alizoshinda. Angalia nini kilibadilika kwenye maandishi ya muswada, na waziri aliahidi nini mbele ya waandishi wa kumbukumbu.

Kumbukumbu za siku huanza na «Commencement Matters», halafu «Order of Business». Kuna tofauti gani?

Kubwa, na wengi huzichanganya. Seneta hana maswali ya bungeni kwa mawaziri kama alivyonayo mbunge wa Dáil. Mbadala wake ni haya masuala ya ufunguzi: anapeleka taarifa kwa Cathaoirleach, yaani spika wa Seneti, na yakichaguliwa (kwa kawaida manne kwa siku) waziri hulazimika kuja kujibu. Shida ni kwamba anayekuja mara nyingi ni waziri mdogo wa wizara nyingine kabisa, akiwa na karatasi aliyoandikiwa. Basi usipoteze muda kwenye jibu la kwanza. Soma swali la nyongeza na yale anayoyasema waziri akishaiweka karatasi chini, maana ahadi, kama ipo, hujificha humo.

Kwenye «Order of Business» hakuna waziri. Kiongozi wa shughuli za serikali hutangaza ratiba ya siku, kisha kila seneta husimama dakika chache na la moyoni mwake: barabara mbovu, foleni ya hospitali, Gaza, bei ya nyumba. Sehemu kubwa ya hotuba hizo ni za kukatwa video na kupelekwa kwa wapigakura. Silaha pekee ya upinzani hapo ni kupendekeza ratiba irekebishwe, tuseme waziri fulani aje leo kujieleza. Mtoa hoja akipata wa kumuunga mkono, hupigwa kura, au kiongozi hutoa ahadi ya kupanga mjadala na hoja huondolewa. Ukiona ahadi hiyo, iandike pembeni na tarehe yake. Nyingi husahaulika.

Marekebisho ya seneta ninayemfuatilia hutupwa nje ya utaratibu, na mengine anayaondoa mwenyewe. Hajui kazi?

Huenda anaijua kuliko unavyodhani. Marekebisho yanayoweza kuigharimu hazina hukataliwa kabla ya kujadiliwa, kwa sababu matumizi ya serikali hupendekezwa na serikali yenyewe. Neno moja linatosha kukuponza: ukiandika «waziri atalipa», umeshatoka. Ndiyo maana utakutana na marekebisho mengi yanayomtaka waziri aandae ripoti ndani ya miezi sita au kumi na miwili kuhusu jambo lilelile. Seneta hataki ripoti. Anataka mlango wa kulizungumzia. Na hata marekebisho yakikataliwa, bado anaweza kusimama wakati kamati inapohojiwa kama kifungu kibaki ndani ya muswada, akasema yote aliyokusudia.

Kuyaondoa nako ni hesabu. Hatua ya kamati ndiyo yenye nafasi: Seneti nzima hukaa kama kamati, huenda kifungu kwa kifungu, na seneta anaweza kusimama zaidi ya mara moja kwenye hoja ileile. Lakini rekebisho likipigiwa kura na kushindwa hapo, haliwezi kurudishwa vilevile kwenye hatua inayofuata, ya ripoti. Kwa hiyo anambana waziri, anamsikia akisema «nitaliangalia», analiondoa, na kutamka kwamba anabaki na haki ya kulileta tena. Kwenye hatua ya ripoti mambo hukaza: kila rekebisho lazima lipate wa kuliunga mkono, lazima liwe limetokana na mjadala wa kamati, na kila mtu husema mara moja tu, isipokuwa mtoa hoja mwenye haki ya kujibu. Anayenyamaza kwenye kamati akitegemea kuja kufoka kwenye ripoti amejifungia mlango.

«Tá» na «Níl» ni nini?

Ndiyo na siyo. Chini ya kila kura utaona majina ya pande zote mbili. Spika hapigi kura isipokuwa pande zikilingana.

Kuna muswada wa seneta wa upinzani uliowahi kufika mbali?

Upo, na unafundisha. Frances Black, mwimbaji aliyeingia Seneti mwaka 2016 kama mgombea binafsi, alileta mwaka 2018 muswada wa kupiga marufuku biashara ya bidhaa na huduma na makazi ya walowezi kwenye maeneo yanayokaliwa kwa mabavu. Kwa maneno mengine, makazi ya Waisraeli kwenye ardhi ya Wapalestina. Serikali ilipinga, ikidai biashara ya nje ni mamlaka ya Umoja wa Ulaya. Lakini ilikuwa serikali ya wachache, na chama cha Fianna Fáil, waliokuwa nje ya baraza la mawaziri, waliunga mkono muswada. Tarehe 11 Julai 2018 ulipita kusomwa mara ya pili kwa kura 25 dhidi ya 20, na Desemba ukamaliza hatua zote za Seneti. Januari 2019 Dáil nayo iliukubali kwa kanuni, 78 kwa 45.

Hapo ukakwama. Muswada wenye gharama kwa umma hauendelei Dáil bila ujumbe wa fedha kutoka serikalini, na serikali haikuutoa. Haikuhitaji kushinda kura yoyote, kunyamaza kulitosha. Bunge lilipovunjwa 2020 muswada ulikuwa bado umelala. Juni 2025 serikali yenyewe ilichapisha rasimu yake ya sheria ya aina hiyo, ikigusa bidhaa tu, na ugomvi ukahamia kwenye huduma.

Mingine hata haikupewa nafasi ya kuchapishwa. Mwaka 1971 seneta kijana, Mary Robinson, pamoja na wenzake wawili walitaka kuruhusu dawa na vifaa vya uzazi wa mpango, vilivyopigwa marufuku tangu 1935. Seneti ilikataa muswada usisomwe hata mara ya kwanza. Sheria ya kuruhusu, yenye masharti makali, ilikuja 1979. Robinson huyo ndiye aliyekuwa rais wa nchi kuanzia 1990, na wasomaji wa Goma na Bujumbura watamkumbuka kama mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa Maziwa Makuu mwaka 2013.

Akimtukana mtu bungeni anaweza kushtakiwa?

Si mahakamani. Ibara ya 15 ya katiba inamkinga kwa asemayo ndani ya ukumbi. Spika ndiye humkatiza anapomtaja mtu asiyeweza kujitetea humo. Akirudia maneno hayo nje ya lango la Leinster House, jengo la bunge, kinga haipo.

Wiki nzima simwoni kwenye kumbukumbu. Mtoro?

Angalia kwanza kumbukumbu za kamati za pamoja za mabunge mawili; huchapishwa kando, na maseneta wengi hufanya kazi yao ya maana huko. Kwenye tovuti ya bunge fungua ukurasa wa seneta mwenyewe badala ya kupekua tarehe kwa tarehe. Na kama hotuba ilitolewa kwa Kigaeli, imechapishwa kwa Kigaeli, kwa hiyo ukitafuta kwa maneno ya Kiingereza hutaipata.