Muulize Fundi: Kabla hujalipa 80,000 za usalama wa kompyuta

SWALI: Fundi salamu. Niko na duka la vipuri hapa Kirinyaga Road, kompyuta mbili na vijana wanne. Jirani yangu aliletewa imeili ati msambazaji wake wa Dubai amebadilisha akaunti ya benki, akatuma pesa yote ya mzigo, kumbe ni wakora. Sasa kuna kijana anataka nimlipe 80,000 aniwekee antivairasi na kifaa cha kuzuia wadukuzi. Nilipe? Biashara saa hii si nzuri.
– Muuza vipuri, Grogan

JIBU: Bosi, shikilia hizo pesa kwanza. Sisemi huyo kijana ni mkora, pengine vitu vyake ni vya kweli, lakini hebu tuangalie jirani aliibiwa namna gani. Mara nyingi huu mchezo unaenda hivi, mkora anapata paswadi ya imeili, ya jirani ama ya huyo msambazaji, anaingia na kukaa kimya, anasoma invoisi zikipita, anajua mzigo unatoka lini na ni pesa ngapi, halafu siku ya kulipa ikikaribia ndio anaandika, tena kwa anwani inayofanana kabisa na ile ya kweli ila herufi moja tu, r na n zimebanana ukidhani ni m. Sasa kifaa cha 80,000 kingezuia nini hapo na mwenye pesa ametuma mwenyewe?

Kinachozuia ni simu. Akaunti ikibadilika, piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile imeandikwa chini ya hiyo imeili, uongee na mtu unayemjua sauti. Vijana wako pia waambie hivyo hivyo, hata kama ni wewe umewaandikia WhatsApp ati tuma haraka niko mkutanoni.

Halafu leo jioni ukifunga duka, fungua Gmail kwa kompyuta, ingia setingi, angalia sehemu ya kufowadi na sehemu ya filta. Ukikuta imeili zako zinatumwa kwa anwani usiyoijua, ama kuna filta inaficha barua zenye neno "invoisi", jua uko na mgeni. Futa hizo, badilisha paswadi, toa kwa akaunti simu na kompyuta zote usizozitambua, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na paswadi mtu aulizwe pia namba ya siri ya muda, kwa programu kama Google Authenticator, ambayo ni ya bure. Na tafadhali ile paswadi imebandikwa kwa kioo cha kompyuta, itoeni jamani. Kila kijana awe na akaunti yake ndio akiacha kazi unafunga yake pekee.

Laini ya duka nayo ndio mlango mwingine, mkora akihamishia namba yako kwa simkadi yake anapokea SMS zako. Kama ni ya Safaricom, piga *100*100# ufunge, mtu asiweze kuibadilisha bila wewe kwenda kwa duka lao. SMS za kitapeli unazifowadi 333, ni bure.

Antivairasi usinunue, Windows inakuja na Defender na inatosha duka kama lako, shida ni kwamba wengi wetu tuliwekewa Windows ya kuibwa na fundi wa mtaani akaizima Defender ndio ile kreki yake, programu ya kuvunja leseni, ifanye kazi, kwa hivyo mlinzi alifukuzwa siku ya kwanza. Kama bado uko Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia bure Oktoba 14, 2025, angalia kama mashine yako inaweza kubeba 11.

Kitu cha kununua ni diski ya nje ya kuwekea nakala za mafaili, sehemu ndogo tu ya hizo 80,000. Kila Ijumaa nakili hesabu na stoku, halafu CHOMOA, maana virusi vya kufunga mafaili ili ulipe kikombozi vinafunga na diski yoyote vikiikuta imechomekwa. Jaribu pia kufungua faili moja kutoka huko, kuna watu wanagundua diski ilikufa kitambo siku ile wanaihitaji.

SWALI: Nauza nguo kwa WhatsApp, niko Eastleigh. Nilimpa mtu ile kodi (code) ya namba sita ya kufungulia WhatsApp akijifanya mteja, sasa anakopa pesa kwa jina langu. Nifanyeje?

JIBU: Pole dada. Sajili WhatsApp upya kwa laini yako sasa hivi, ukiweka kodi mpya iliyokuja kwa SMS yeye anatolewa hapo hapo. Ukiulizwa PIN usiyoijua, ameiweka yeye, itabidi ungoje siku 7 ndio uingie bila hiyo PIN, lakini hata yeye hayuko ndani tena. Ukirudi weka PIN yako mwenyewe na uangalie vifaa vilivyounganishwa. Kwa sasa wapigie wateja wakubwa kwa simu ya kawaida uwaambie wasitume hata bob.