Cherehani ya kukanyaga

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mume wangu alikuwa utingo wa malori ya Mombasa hadi Malaba. Mwaka juzi lori lilipinduka karibu na Mariakani, akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Sasa tuko Changamwe, chumba kimoja, mimi nafulia watu nguo. Kuna mradi umekuja mtaani kuwatoa walemavu kwenye ufukara. Wamemwandika jina, wasema watamletea cherehani. Yeye hasemi kitu. Dadake asema tuichukue, hata kama ni ya kuuza. Tufanyeje?
Mama Watoto, Changamwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali mumeo alipoulizwa anataka nini. Sikupaona. Wamemwandika, watamletea, dadake asema. Yeye hasemi kitu. Kimya hicho nakijua.

Mimi polio ilinichukua miguu yote miwili nikiwa mtoto, natembea kwa magongo. Nikiwa na miaka 23 mradi mmoja ulinikabidhi cherehani mbele ya chifu na mpiga picha. Cherehani ya kukanyaga! Miguu ya kukanyagia iko wapi? Watu wakapiga makofi, nami nikatabasamu, maana ukikataa utaitwa huna shukrani. Mwaka mzima tuliitundikia nguo. Kodi iliponibana nikaiuza Mwembe Tayari kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo dadake simlaumu. Mtu mwenye njaa ukimpa mbuzi, atamla. Shirika la BRAC la Bangladesh lililiona hilo, na tangu 2002 likawa linazipa familia fukara kabisa vitu kadhaa kwa pamoja: kitu cha kuanzia kazi, mafunzo, pesa kidogo ya chakula ili kitu hicho kisiuzwe, njia ya kuweka akiba, na mtu wa kuwatembelea nyumbani. Huchukua kama miaka miwili. Njia hiyo ilipimwa katika nchi sita, Ethiopia na Ghana zikiwemo, na matokeo yakachapishwa 2015: mwaka mzima baada ya msaada kwisha, familia zile bado zilikuwa zinakula vizuri zaidi kuliko zisizosaidiwa. Huko Uganda wameijaribu na walemavu, wakishirikiana na vyama vya walemavu wenyewe. Mwenye kuhitaji gongo au kiti cha magurudumu anatafutiwa, maana huwezi kumfundisha mtu biashara ilhali hata mlangoni kwake hawezi kutoka.

Basi watu wa mradi wakija, akae mumeo mbele, wewe pembeni, na aulize yeye. Baada ya cherehani kuna nini? Nani atakuja kututazama mwezi wa tatu, biashara ikisuasua? Miezi ya mwanzo tutakula nini? Na mguu wa bandia je? Mafunzo yakiwa ng'ambo ya Likoni, aulize na nauli. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, sawa, lakini tuktuk ya kumfikisha si bure, na maji yakipwa ule mteremko wa kuingilia feri unakuwa mkali na unateleza. Mimi nimeanguka pale mara mbili, magongo upande wake, kikapu changu cha viazi upande wake.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu msiichelewe. Inaanza kwa kupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Mtasumbuliwa, njoo kesho njoo kesho, vumilieni. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na walemavu, na bila kujiandikisha hata mlango wake hataugusa.

Sasa kazi yenyewe. Mguu mmoja unaweza kukanyaga cherehani, sikatai, na kuna za mota. Kama anapenda kushona, ashone. Lakini mtu aliyefunga mizigo ya malori miaka yote hiyo anajua kamba, anajua turubai, na madereva wanamjua kwa jina. Turubai za malori hazikosi kuchanika, na kuziba tundu kwa sindano ya magunia na uzi mnene ni kazi ya kukaa chini. Changamwe mmezungukwa na malori. Hayo ni mawazo yangu tu. Asije akasema ametoka kwa dadake akaangukia kwangu.

Leo usiku, watoto wakilala, muulize. Usimpe majibu ya kuchagua. Akinyamaza, nyamaza naye, kisha umuulize tena kesho.

Akichagua turubai, niandikie. Turubai ya kibanda changu hapa Mtongwe ina tundu juu ya karai, na mvua ikinyesha mafuta yananirukia.