Kontena la stoo kwenye sehemu ya upepo: uliza upepo kabla ya bei

Mtu akitaka ushauri wa kontena la stoo swali lake la kwanza huwa bei, na mi swali langu la kwanza huwa upepo wa kwenu unatokea upande gani. Nakaa sehemu ambayo upepo haupumziki, makontena ninayo miaka sasa, na kila anayekuja kuniuliza namwambia hivohivo.

Utasikia "aah, kontena ni chuma tupu, litaenda wapi". Haya tupige hesabu. Futi 20 likiwa tupu lina kama tani 2.2, na ukuta wa ubavuni ni kama mita za mraba 15 na ushee. Upepo wa kilomita 144 kwa saa unasukuma karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ubavu mzima unakula zaidi ya tani moja na nusu, hapo kontena tupu ambalo halijafungwa chini linaanza kuwa la kuombea. Na upepo ukiongeza spidi mara mbili msukumo unakuwa mara nne, hiyo ndo wengi hawaijui. Sasa futi 40 zile ndefu kwenda juu ndo balaa zaidi, uzito haufiki hata mara mbili ya futi 20 lakini ukuta ni zaidi ya mara mbili. Kama nafasi unayo mi nasema chukua mawili ya futi 20, achana na hilo moja.

Kuliweka, upepo upige kichwa sio ubavu, na kichwa chenyewe kiwe kile kisicho na mlango. Hata hivyo upepo unazunguka ukutani na kuurudia mlango kwa nyuma, na ule mlango ni chuma kirefu kuliko wewe, ukikubamiza vidole basi tena. Ukifungua upeleke mpaka ubavuni uufunge na ndoano yake palepale, usiseme nachukua koleo tu natoka. Kwenye makontena ya zamani hizo ndoano mara nyingi zimekatika, muone welda.

Chini sasa. Uzito wote unakaa kwenye pembe nne, kwa hiyo pembe moja ikititia fremu inajipinda na milango inagoma, watu wanalaumu kutu kumbe ni ardhi. Pima maji ni lazima. Usilinyanyue sana, upepo ukipata njia chini unasaidia kulibinua. Kufunga, mi naamini twistiloki, zile kufuli za kwenye matreila zinazoshika pembe za kontena, zichomelewe kwenye bamba lililozikwa kwenye zege, na zege liwe la maana, mita moja ya ujazo ni kama tani 2.4 so vindoo viwili vya zege ni urembo tu. Cheni na vigingi kwenye mchanga, sitaki hata kuongelea.

Kununua ni kwepesi. Ingia ndani, ufungiwe milango, tulia kidogo macho yazoee giza: ukiona nuru hata ya tundu la sindano, mvua ya upepo itapita hapo, maana huku mvua haidondoki, inakuja ya ubavu. Kagua raba za milango. Chungulia na chini kwenye vyuma vinavyobeba sakafu, kwa sababu rangi mpya hupakwa pale mnunuzi anapopaona. Muuzaji mmoja alinikatalia nisiiname kuangalia, nikaondoka zangu.

Siku ya kuleta, chagua asubuhi isiyo na upepo, kreni haina mchezo na kontena linaloning'inia. Kama ni lori la kuinamisha kitanda, mwambie dereva milango ielekee wapi KABLA hajalipakia, akishafika kwako hawezi kuligeuza. Likishashuka lifunge siku hiyohiyo, na kama kuna kinachochelewesha, ingiza vitu vizito kwanza, vikae sakafuni upande unakotokea upepo.