Muulize Fundi: Klachi mpya, gia ngumu

*Fundi, salamu. Nina Volkswagen Polo Vivo ya gia za mkono, ya 2017, injini ya 1.4, mojawapo ya zile zilizounganishwa Thika. Mwezi uliopita klachi iliisha, nikabadilishiwa pleti, presha na beringi kwenye gereji moja hapa Nakuru. Tangu niichukue, namba moja na namba mbili zinaingia kwa kusukumana, na rivasi ndiyo balaa: naitafuta rivasi napata namba moja. Juzi nusura nipande ukuta wa jirani nikidhani narudi nyuma. Aliyeifunga anasema giaboksi imechoka, nitafute nyingine ya kutoka Japani. Kabla ya klachi gia zilikuwa laini kabisa. Nifanyeje?* — J.M., Nakuru

J.M., usinunue giaboksi. Na hata ungetaka, Vivo haikuwahi kuuzwa Japani. Vipande vya hizo za Thika vilikuwa vikija kutoka Afrika Kusini. Anayekutuma ukatafute giaboksi ya Vivo kutoka Japani hajui vizuri gari lililo mbele yake.

Jibu umeliandika mwenyewe: kabla ya klachi gia zilikuwa laini. Giaboksi haichoki kwa siku mbili za kukaa sakafuni gereji. Kinachotokea ni hiki. Klachi haibadilishwi bila kushusha giaboksi, na giaboksi haishuki bila kuchomoa kebo mbili za gia. Kazi ikiisha kebo hurudishwa, gari likaingia gia zote likiwa limezimwa, mwenye gari akaitwa. Kuzirudisha kebo ni jambo moja, kuzipima ni jingine, na hapo ndipo wengi wetu tunapowaachia wateja matatizo.

Nikueleze zinavyofanya kazi ili usidanganywe tena. Chini ya lever ya gia mnatoka kebo mbili zinazopita hadi juu ya giaboksi. Moja inafuata mkono wako unapokwenda kushoto na kulia, yaani inachagua mstari: wa namba moja na mbili, wa tatu na nne, au wa tano. Nyingine inafuata mkono unapokwenda mbele na nyuma, hiyo ndiyo inayoingiza gia yenyewe. Si kama waya wa breki ya baiskeli unaovuta tu. Hizi zinavuta na zinasukuma, kwa hiyo urefu wake ukikosewa kwa milimita chache tu, kosa linaonekana pande zote mbili. Ile ya kushoto na kulia ikiwa nje ya kipimo, lever inasimama fri, yaani nje ya gia yoyote, lakini giaboksi iko nusu njia kati ya mistari miwili. Ndipo namba moja inagoma, namba mbili inagoma, na kwa kuwa kwenye Polo rivasi iko kushoto kabisa ubavuni mwa namba moja, ukibonyeza lever chini na kuisukuma mbele unaangukia namba moja. Hiyo ni hatari kuliko ugumu wenyewe. Mpaka litengenezwe, usirudishe gari nyuma mahali penye mtu au mtoto mbele yako.

Kabla hujagusa kebo, fanya jaribio la bure. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa, kanyaga tena, rudia. Zikiwa laini injini ikiwa imezimwa na ngumu ikiwa inanguruma, kebo hazina kosa: klachi haiachii. Kwenye Vivo klachi inatumia maji yaleyale ya breki, kutoka chupa ileile, na baada ya kazi kama yako mara nyingi hewa imebaki kwenye laini. Itolewe, kazi imekwisha. Zikiwa ngumu vilevile hata injini ikiwa kimya, hapo tunaongea habari za kebo. Na kama ni gia moja tu inayokwaruza, nyingine zote ziko sawa, hiyo ni sinkro ya ndani, kile kipete kinacholinganisha kasi kabla gia haijaingia, na hakuna kebo itakayoitibu. Kwa maelezo yako, gia zinazokusumbua zote ziko upande wa kushoto. Ningeweka dau langu kwenye kebo ya kuchagua.

Sasa kazi yenyewe. Haihitaji mashine ya kompyuta. Inahitaji biti ya drili ya milimita 4.5, bisibisi, tochi, na mtu asiye na haraka.

Simamisha gari mahali tambarare, handbreki juu, injini imezimwa na imepoa, gia fri. Fungua boneti. Boksi la filta ya hewa linaweza kukuzuia, pengine na betri. Viondoe, usijaribu kupenyeza mkono kando kando halafu ukalaumu kebo. Utaziona ncha za kebo mbili zimeshika mikono midogo juu ya giaboksi. Kila ncha ina kikombe cha plastiki chenye springi. Kisukume kikombe mbele dhidi ya springi yake, kisha kizungushe kushoto mpaka kijifunge hapo hapo. Fanya hivyo kwa zote mbili. Kuanzia sasa kebo inateleza huru ndani ya ncha yake; lever ya ndani na giaboksi haziwasiliani.

Hatua inayofuata ndiyo watu huiruka. Kwenye giaboksi ibonyeze chini shafti ya kuchagua gia, na ukiwa umeishikilia hivyo zungusha kile kijiti chenye kona kilicho ubavuni mwake huku ukikisukuma kielekee kwenye shafti. Kitaingia na shafti itabaki chini, haipandi tena. Umeifunga giaboksi ikiwa fri, kwenye mstari wa namba moja na mbili. Ingia ndani ya gari, inua lile gauni la ngozi la lever. Ivute lever kushoto, ikiwa bado fri, mpaka tundu lililo kwenye lever lilingane na tundu la kwenye kibebeo chake, kisha pitisha ile biti ya milimita 4.5. Kiwandani kuna pini yake maalumu. Biti iliyonyooka inafanya kazi ileile. Isiingie kwa nguvu. Ukiona unaipiga nyundo, lever haijakaa mahali pake.

Sasa pande zote mbili zimefungwa mahali pamoja, na hapo tu ndipo ruhusa ya kurudi kwenye boneti. Zungusha vikombe kulia, springi zivirudishe zenyewe, kebo zijishike kwa urefu zinaoutaka. Usizivute, usizisaidie. Rudisha kile kijiti chenye kona kilipokuwa, chomoa biti, jaribu gia.

Nimewaona mafundi wazuri kabisa wa injini wanaofunga upande mmoja tu, au wanaokadiria kwa macho huku kijana akitikisa lever ndani. Inaweza kuangukia sawa. Lakini mwenye gari akikaa kwenye foleni ya mlima Mai Mahiu na gia moja inakataa kuingia, yule kijana hayupo.

Namna ya kuhakikisha: ukiachia lever fri, isimame yenyewe kwenye mstari wa tatu na nne, wima, haijalala upande. Kisha ingiza namba moja, mtu mwingine aangalie shafti kule juu ya giaboksi, wewe isukume lever kushoto mpaka mwisho na uiachie. Shafti isogee kidogo sana, kama milimita moja hivi. Isipocheza kabisa au ikicheza sana, rudia kufunga. Rivasi ijaribu injini ikiwa imezimwa, halafu injini ikiwa imewashwa, mguu ukiwa kwenye breki.

Jambo moja la kuangalia ukiwa hapo hapo: vile vikombe vya plastiki. Gari la miaka hii joto la injini limevikausha. Kikiwa na ufa, kipimo kitashika leo na kuteleza wiki ijayo, nawe utarudi kwangu na barua ya pili. Angalia pia vibushi, yaani vipete vya ndani, vya mikono ile midogo. Shika ncha ya kebo utikise. Ikilia kidogo kwa kucheza, kibushi kimeliwa. Hivi ni vitu vidogo, na Kirinyaga Road, Nairobi, vinapatikana ukibeba kile cha zamani mkononi. Ukienda na maelezo ya mdomo utauziwa cha Golf.

Na yule fundi wa kwanza, usimvunjie heshima. Rudi kwake na gazeti hili, mwambie, "Fundi, hebu tupime kebo kwanza." Kazi ya klachi uliyomlipa haijaisha mpaka gia ziingie, kwa hiyo kipimo hiki ni sehemu ya ile pesa aliyokwisha pokea.

*Shikamoo fundi. Nina Hiace ya abiria, ile ya lever kwenye dashibodi, inapiga Likoni kila siku. Asubuhi gia ni ngumu kama imegandishwa, mchana inalainika kidogo. Dereva wangu anamwagia oili ya injini kwenye kebo, inasaidia siku mbili inarudi. Hizi nazo zinapimwa vipi?* — Mwenye gari, Mombasa

Marahaba. Zako hazihitaji kupimwa, zinahitaji kubadilishwa. Lever ya dashibodi ni raha kwa sababu inaacha nafasi ya miguu, lakini kebo zake zinasafiri njia ndefu hadi kwenye giaboksi chini ya gari, na huko kuna vumbi, matope, na kwenu chumvi ya bahari. Mwisho wa kila kebo kuna kifuniko cha mpira kilichokunjwa kunjwa. Lala chini ya gari uangalie: nakuhakikishia kimoja kimepasuka. Maji yanapenya hapo, waya unapata kutu, usiku kutu inakaza, mchana joto na kazi vinailegeza kidogo. Ndiyo tabia unayoieleza.

Oili ya injini mwambie aache. Ndani ya ganda la kebo kuna mrija laini wa plastiki ambao waya unateleza ndani yake. Oili inakusanya vumbi humo na baada ya muda inasaga badala ya kulainisha. Ili usitoe pesa bure, chomoa ncha za kebo kwenye giaboksi na usogeze mikono ya giaboksi kwa mkono wako. Ikienda vizuri, giaboksi ni nzima. Sasa sukuma na vuta kebo zikiwa peke yake. Inayokwama ndiyo mgonjwa. Nunua mbili kwa pamoja, maana zimezeeka pamoja, na mwambie anayefunga asizikunje kona kali na asizipitishe karibu na ekzosi. Klipu zinazoshika ganda zirudi zote. Ganda likicheza, hata kebo mpya itakuwa na gia za kutafuta tafuta.

*Fundi, naweza kuweka oili nzito ya gia ili gia ziwe laini?* — Msomaji, Eldoret

Hapana. Baridi ya Eldoret saa kumi na mbili asubuhi na oili nzito ni ugomvi. Sinkro zinashindwa kupunguza kasi ya gia na utapata namba mbili inayogoma mpaka gari lipashe moto. Weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Ukikuta imeandikwa GL-4, usikubali kuuziwa GL-5 kwa maneno kwamba namba kubwa ndiyo bora: hiyo imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu, zile gia zinazogawia magurudumu nguvu, na kwenye giaboksi nyingi sinkro za shaba haziipendi.

Na siku ya kubadilisha, legeza kwanza nati ya kujazia kabla hujagusa ya kumwagia. Ya juu ikikataa kufunguka, angalau bado una oili ndani na unaweza kuliendesha gari hadi kwa mwenye spana ndefu.