Barua kwa Mwanangu: Mkandarasi wa Bwawa la Uani

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata. Unasema makandarasi wawili wamekuletea bei za bwawa la mita 8 kwa 4 pamoja na kupanga upya bustani ya nyuma hapo Mbweni. Mmoja ametaja jumla moja tu, nayo ni ndogo. Mwingine kaleta kurasa nne na bei ya juu. Unauliza umchukue yupi.

Usisaini na yeyote bado. Wa jumla moja arudi na mchanganuo: unene wa sakafu na kuta, nondo za milimita ngapi na zimeachana kiasi gani, daraja la ubora wa zege, dawa ya kuzuia maji, chujio, nani anaondoa udongo. Bila hayo, hela zikimbana atapunguza pale usipopaona. Kwa kina cha wastani cha mita 1.4 bwawa lako litachukua lita 45,000 hivi. Ili maji yote yapite kwenye chujio kila saa 6, pampu isukume mita za ujazo 7.5 kwa saa. Akikutajia nguvu za farasi peke yake, hajakujibu.

Kwenu pwani waulize wote wawili mchanga wanatoa wapi. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi huozesha nondo ndani ya zege. Nondo yenye kutu huvimba na kupasua ukuta. Taka mchanga wa mto, na nondo zifunikwe na zege la milimita 50. Waulize pia maji ya ardhini yako kina gani. Anayejua kazi atachimba shimo la majaribio kabla ya kutoa bei. Mahali maji yako juu, bwawa likikaushwa kwa usafi linaweza kusukumwa juu kama mtumbwi, kwa hiyo sakafuni pawe na vali ya kupunguza shinikizo.

Halafu jambo ambalo mimi nisingelisamehe: jaribio la maji kabla ya vigae. Zege likishamwagiliwa siku zisizopungua 7 na kukomaa, bwawa lijazwe, alama ichorwe ukutani, na ndoo yenye maji iwekwe kwenye ngazi ya bwawa. Baada ya wiki, maji ya bwawa yakiwa yameshuka kuliko ya ndoo, panavuja. Vigae vikishabandikwa, kutafuta uvujaji ni kubomoa. Atakayekataa jaribio hili kuandikwa kwenye mkataba, mwache.

Usajili kauhakiki Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa namba, uone kama daraja lake linaruhusu kazi ya thamani hiyo. Malipo yafuate hatua: asilimia 20 mwanzo, kisha kuchimba, zege, jaribio la maji, vigae. Asilimia 10 ibaki mkononi mwako miezi 6.

Bustani ije mwisho, ila mabomba na nyaya zake zipite kabla ya vitofali vya kutandika chini. Vitofali viinamie mbali na bwawa, sentimita 2 kwa kila mita. Maji ya kusafishia chujio yaende kwenye shimo lake, yasimwagwe kwenye ukoka. Ule mti wa mkungu ulio karibu na shimo la bwawa uondoke. Majani yake yataziba chujio kila siku na mizizi itayafuata mabomba. Nyaya za pampu zipitie kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme ukivuja, na taa za majini ziwe za volti 12.

Nitumie mkataba kabla hujasaini.

Baba yako