Jibu: Kwa nini watu wamezichoka kampeni?
Ndugu, umeuliza kwa nini majirani zako hapa Arua, Uganda, hawazungumzii tena uchaguzi, na kampeni bado mbichi. Si uvivu. Mwaka 1996 karibu asilimia 73 ya waliojiandikisha walipiga kura; 2021 hawakufika hata asilimia 60. Kikomo cha mihula ya urais kiliondolewa 2005, cha umri wa mgombea urais 2017, na Rais Museveni yuko madarakani tangu 1986. Mtu anajiuliza, kura yangu itabadilisha nini?

Mama muuza dagaa jirani yangu alipewa fulana ya mgombea na mche wa sabuni. Sabuni imeisha, fulana anafunikia dagaa wasiingiwe na nzi. Inaniuma sana, maana zamani huyu mama alikuwa anaamka alfajiri kuwahi foleni ya kura.