Kabla ya utrasaundi, kaa na shangazi zako

Mkuu, umesema una miaka 31, mzee wako na baba mdogo wote wameondoka kwa saratani ya kongosho, na kuna mahali wanakuuzia kifurushi cha utrasaundi na kipimo cha damu cha CA 19-9 (kemikali ya mwilini ambayo hupanda kwenye saratani ya kongosho) kila miezi sita. Nimepita humo humo. Mimi ni wa Tukuyu, baba alifariki 2014 akiwa na miaka 52, wa manjano mpaka viganjani.

Mwaka uliofuata nikaanza utrasaundi kwenye kituo kimoja Mbeya mjini. Mara tatu nikaambiwa "safi kabisa". Hakuna aliyeniambia kwamba kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na gesi ikijaa mpimaji anaona nusu yake au haoni kitu. CA 19-9 nayo inapandishwa hata na mawe yaliyoziba njia ya nyongo, na wapo watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa, hata wakiumwa. Nilichonunua pale ni usingizi.

Aliyenifumbua macho ni dada yangu, anaishi Uingereza. 2019 akapata saratani ya ziwa, wakampima vinasaba wakakuta hitilafu kwenye BRCA2. Kumbe jeni hiyo tunayoiita ya akina mama inahusika na kongosho na tezi dume pia, na baba anairithisha sawa na mama: kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata hitilafu hiyo. Dada akaniambia nenda kwa shangazi, andika ukoo wote.

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu hakuna anayekufa kwa kongosho. Watu wanakufa kwa "tumbo", au wametupiwa uchawi. Nikasubiri msiba wa ndugu, nikajibanza jikoni shangazi wakimenya ndizi. Majina ya magonjwa nikayaacha, nikauliza dalili. Macho yalikuwaje? Alikonda kwa muda gani? Mgongo je? Babu, ambaye kwa ajili ya kifo chake tumegombana na majirani miaka nenda rudi, alikuwa wa manjano na akijikuna usiku kucha. Umri wake ulipatikana kwa kuzunguka: alikufa mwaka wa vita vya Kagera, shangazi mdogo akiwa bado mgongoni. Dada yake babu "alioza ziwa", akafichwa chumba cha nyuma. Nilitoka na ukurasa mmoja wa daftari, na ule ukurasa ndio uliomfanya daktari wa rufaa aweke kalamu chini anisikilize.

Vinasaba huanza kupimwa kwa aliyeugua kama bado yupo. Kwa kuwa kosa la dada lilishajulikana, sisi wengine tulitafutiwa hilo hilo tu. Mimi ninalo. Mdogo wangu hana, kongosho lake ni kama la mtu mwingine yeyote, na watu wa kawaida hawashauriwi kuchunguzwa hivi.

Wenye hitilafu ya BRCA2 na ndugu wa karibu aliyeugua kongosho huanza uchunguzi kwenye miaka 45 au 50, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu aliyeugua akiwa mdogo zaidi aliugua. Kwangu ikawa 42. Kipimo ni MRI ya kongosho na njia za nyongo, au ile kamera ya kumeza yenye utrasaundi kichwani, kila mwaka. Utafiti wa CAPS5 wa Marekani, uliotoka 2022, ulifuatilia watu 1,461 wenye hatari kubwa. Saratani 9 za kongosho zilinaswa na uchunguzi, 7 kati yake zikiwa hatua ya kwanza. Baba yangu alifika hospitali ini limeshaingiliwa.

Nisikufiche ubaya wake. MRI yangu ya kwanza ilikuta kifuko kidogo cha maji. Miezi sita sikula vizuri, nikapanda basi la Dar tena, kifuko kiko vile vile. Vingi havigeuki kuwa chochote, ila operesheni ya kongosho ni nzito, na ukikutana na daktari mwenye haraka unaweza kukatwa bure.

Kwa hiyo wewe pesa ya kifurushi itunze kwa ajili ya vinasaba. Mimi daftari bado liko wazi: juzi shangazi kapiga simu, kamkumbuka baba mkubwa mmoja aliyehamia Chunya, alikufa kwa tezi dume. Nimeshamwandika.